Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuhifadhi, Kutafsiri na Kufasiri Sailor Moon

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoipenda Sailor Moon na wangependa kuelewa jinsi mashabiki wa nchi mbalimbali walivyoitunza, walivyoitafsiri na walivyobishana kuhusu maana yake kwa zaidi ya miaka 30. Wanaoianza hadithi sasa wafahamu mapema kwamba baadhi ya majibu yanaeleza jinsi misimu inavyomalizika.

Sailor Moon ni nini hasa, na kwa nini mashabiki husema kuna Sailor Moon zaidi ya moja?

Ni manga, yaani hadithi ya Kijapani ya michoro, iliyoandikwa na kuchorwa na Naoko Takeuchi, ikatolewa katika jarida la wasichana la Nakayoshi, linalochapishwa na Kodansha ya Tokyo, kuanzia mwishoni mwa 1991 hadi mwanzoni mwa 1997. Inamhusu Usagi Tsukino, msichana wa miaka 14 anayependa kulala, kula na kulia kwa sauti, ambaye anakutana na paka mweusi anayesema na kuambiwa kwamba yeye ni mlinzi mwenye wajibu wa kupambana na maovu. Takeuchi alikuwa ameanza kwanza na hadithi ya Sailor V, na kutokana nayo likazuka wazo la kundi zima la wasichana wanaopigana wakiwa wamevaa sare za kibaharia, zinazofanana na sare za shule za Japani.

Manga ilikuwa haijafikisha miezi mitatu pale kampuni ya Toei Animation ilipoanza kurusha anime yake, yaani katuni ya televisheni, Machi 7, 1992. Anime hiyo ilifika sehemu 200 na kumalizika Februari 8, 1997. Michezo ya jukwaani yenye nyimbo ilianza mwaka 1993, tamthilia ya televisheni iliyoigizwa na watu ilirushwa 2003 hadi 2004 katika sehemu 49, na anime mpya iitwayo Sailor Moon Crystal, inayoifuata manga kwa karibu zaidi, ilianza 2014 na kukamilishwa kwa filamu za 2021 na 2023. Katika kila moja ya hizi Usagi ana tabia zake, na hata mambo yanayompata hutofautiana. Ndiyo maana swali la kwanza ambalo shabiki mzoefu humwuliza mwenzake ni, “Unazungumzia ipi?”

Kwa nini anime ya zamani inatofautiana sana na manga?

Sababu kubwa ni kalenda. Takeuchi alitoa sura moja kwa mwezi, ilhali televisheni ilidai sehemu moja kila wiki, na kazi zote mbili zilikuwa zikienda sambamba. Waandishi wa Toei hawakuwa na kitabu kilichokamilika cha kufuata, hivyo ikawalazimu kubuni visa vyao wenyewe vya kujaza wiki zilizobaki. Visa hivyo ndivyo vilivyowapa nafasi ya kuwaonyesha wahusika wakiwa nyumbani, shuleni na kwenye foleni ya aiskrimu, jambo ambalo kurasa za manga, zenye kasi kubwa, hazikuliruhusu mara nyingi.

Tofauti nyingine zilitokana na uamuzi wa waongozaji. Rei, mlinzi mwenzake Usagi, katika manga ni binti mtulivu wa hekaluni asiyejali wanaume. Rei wa kwenye anime ni mwepesi wa kufoka na wa kupenda. Mamoru, mpenzi wa Usagi, ni mwanafunzi wa sekondari katika manga, lakini anime imemfanya mwanafunzi wa chuo kikuu, na badiliko hilo moja limezua mijadala isiyokwisha kuhusu uhusiano wake na Usagi. Malkia Beryl, adui mkuu wa mwanzo, katika manga anauawa na Sailor Venus, mlinzi mwenzake Usagi, kwa upanga. Katika anime anaangamizwa na Usagi mwenyewe. Manga inamalizika kwa harusi, na anime ya miaka ya 1990 haina harusi.

Toleo la Kiingereza la 1995 lilibadilisha nini?

Toleo hilo lilitayarishwa na kampuni ya DIC na kuanza kurushwa Kanada na Marekani mwaka 1995. Usagi aliitwa Serena, na kati ya walinzi wenzake Ami akawa Amy, Rei akawa Raye, Makoto akawa Lita, naye Mamoru akawa Darien. Sehemu kubwa ya muziki iliondolewa na kuwekwa mwingine, na mwishoni mwa sehemu kukaongezwa kipande kifupi cha mafunzo ya maadili kwa watoto. Kati ya sehemu 89 za misimu miwili ya kwanza zilibaki 82: sita ziliachwa kabisa, na mbili, ile ya 45 na ile ya 46, zikakatwakatwa na kuunganishwa kuwa moja.

Inafaa tukae kidogo kwenye sehemu hizo mbili, kwa sababu ndipo ilipo hoja yote ya uhifadhi. Katika asili ya Kijapani, Usagi na wenzake wanne wanakwenda kwenye barafu ya ncha ya kaskazini kumkabili Beryl. Wenzake wanakufa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akijitoa ili wengine wapite, na sehemu ya 45 inakwisha Usagi akiwa peke yake. Katika toleo la DIC vifo vikaondolewa: mazungumzo yaliandikwa upya ili watazamaji waamini kwamba wasichana wale wametekwa tu. Matokeo yake ni kwamba machozi ya Usagi, ambayo picha zake zilibaki, yalikosa sababu ya kutosha. Mtoto aliyekuwa Toronto mwaka ule na mtoto aliyekuwa Tokyo walitazama picha zilezile lakini kila mmoja akasimuliwa jambo lake.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotazama kwa Kijapani huliona bila kujua chanzo chake. Sauti ya Usagi katika sehemu hizo si ya Kotono Mitsuishi, msanii wake wa kawaida. Mitsuishi alikuwa ameugua, na Kae Araki alimshikia nafasi kuanzia sehemu ya 44 hadi ya 50, kisha akabaki katika anime hiyo kama sauti ya Chibiusa, binti wa Usagi atokaye wakati ujao. Kwa hiyo kilele chenye uchungu kuliko vyote katika msimu wa kwanza kiliigizwa na mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa dharura, naye aliifanya vizuri ajabu.

Ikiwa toleo hilo lilikatwa namna hiyo, kwa nini mashabiki wanahangaika kulihifadhi?

Kwa sababu nalo ni historia. Maelfu ya watu waliingia katika hadithi hii kupitia sauti za Serena na Darien, na yeyote anayetaka kuelewa jinsi anime ilivyoingia Amerika ya Kaskazini hawezi kuliruka. Kampuni ya Viz Media ya Marekani ilipopata haki mwaka 2014 iliirekodi upya anime yote kwa Kiingereza, bila kukata, kwa majina ya Kijapani, na msimu wa tano ukasikika kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Hiyo ilikuwa habari njema. Hata hivyo, toleo jipya linapotoka, la zamani huacha kuuzwa, na kinachoacha kuuzwa hubaki mikononi mwa waliokirekodi. Mimi naamini kwamba hifadhi inayotunza tu kile inachokipenda haijatimiza kazi yake. Anayelikosoa toleo la DIC analihitaji zaidi kuliko anayelisifu, maana ukosoaji bila ushahidi ni uvumi.

Mashabiki walitafsirije kabla ya intaneti ya kasi?

Kwa kanda za video na uvumilivu mwingi. Mtu aliyekuwa na jamaa au rafiki Japani alipata kanda iliyorekodiwa kutoka televisheni, au alinunua diski kubwa za leza. Mwenye kujua Kijapani alisikiliza na kuandika tafsiri. Mwingine aliyapanga maandishi katika kompyuta, mara nyingi aina ya Amiga. Kisha kifaa cha kuoanisha ishara za picha kiliyaweka maandishi hayo juu ya video, na kanda mpya ikarekodiwa. Aliyetaka nakala aliwatumia watayarishaji kanda tupu kwa posta pamoja na bahasha na stempu za kurudishia, na utamaduni wa wakati ule uliona haya kudai faida.

Kila nakala iliyotolewa kutoka kwenye nakala nyingine ilififia zaidi: rangi zilichujuka, mistari ikatetemeka, na maandishi ya chini yakawa kama yameandikwa kwenye ukungu. Kulikuwa pia na kikwazo cha mifumo. Kanda za Japani na Marekani zilitumia mfumo wa NTSC, ilhali Kenya, Tanzania na sehemu kubwa ya Ulaya zilitumia PAL, kwa hiyo hata aliyebahatika kuipata kanda hakuweza kuitazama bila deki inayokubali mifumo yote.

Je, juhudi za mashabiki ziliwahi kubadilisha chochote katika biashara yenyewe?

Ndiyo. DIC ilipomaliza kurusha sehemu 65 za mwanzo na mustakabali wa kipindi ukawa shakani, mashabiki wa Marekani waliunda kampeni iliyoitwa Save Our Sailors. Waliandika barua, walikusanya sahihi, na walihimizana kununua kwa wingi biskuti za Pop-Tarts, ambazo mtengenezaji wake alikuwa mfadhili wa matangazo, ili kuonyesha kwamba watazamaji wapo na wana fedha. Sehemu 17 zilizobaki za misimu ile miwili hatimaye zilitayarishwa na kurushwa. Haitakuwa haki kudai kwamba kampeni peke yake ndiyo iliyoleta matokeo hayo, lakini iliwafundisha mashabiki kujieleza kwa watangazaji kwa lugha wanayoielewa watangazaji.

Nisome toleo gani la manga?

Kwa anayeanza, toleo lolote rasmi linalopatikana linafaa. Kwa anayetafiti, swali ni zito zaidi. Manga ilitoka kwanza katika juzuu 18. Mwaka 2003 ilichapishwa upya katika juzuu 12 za hadithi kuu na mbili za hadithi fupi, na hapo Takeuchi alirekebisha baadhi ya michoro na maneno. Mwaka 2013 likaanza kutoka toleo la juzuu 10 lenye kurasa kubwa na rangi. Tafsiri ya Kiingereza ya mwishoni mwa miaka ya 1990, ya kampuni iliyokuja kuitwa Tokyopop, ilifuata juzuu za kwanza, lakini kurasa zake zilipinduliwa ili zisomwe kutoka kushoto kwenda kulia, na Usagi akaitwa Bunny. Haki zake zilikwisha mwaka 2005, na Kodansha ikaleta tafsiri mpya mwaka 2011, ikifuata toleo la 2003.

Maana yake ni kwamba kati ya 2005 na 2011 hapakuwa na manga hii madukani kwa Kiingereza isipokuwa nakala kuukuu, na tafsiri za mashabiki ndizo zilizoziba pengo. Tena mchoro uliorekebishwa mwaka 2003 hauonekani ulivyokuwa isipokuwa kwa aliyetunza juzuu za awali, na kurasa zilizokuwa na rangi ndani ya jarida lenyewe zilitolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe katika juzuu za kawaida. Ukimwona shabiki akinunua magazeti ya Nakayoshi yaliyochakaa kwa bei kubwa, hizo ndizo sababu zake.

Kuna kitu kilichowahi kupotea kabisa kisha kikapatikana?

Kipo, na ndicho kisa maarufu kuliko vyote. Kabla ya DIC kupata kazi hiyo, kampuni ya Toon Makers ilitengeneza Marekani sehemu ya majaribio iliyochanganya waigizaji halisi na katuni mpya zilizochorwa huko huko. Kipande kifupi kilionyeshwa katika mkutano wa mashabiki mwaka 1998, kikarekodiwa kutoka kwenye skrini, na kwa zaidi ya miaka 20 picha hizo hafifu zilikuwa karibu yote yaliyojulikana. Mwaka 2022 mtafiti mmoja, anayetengeneza makala za video kuhusu historia ya Sailor Moon katika nchi za Magharibi, aliipata sehemu nzima katika Maktaba ya Bunge la Marekani na kuiweka hadharani. Wengi walikuwa wameitafuta kwa watu binafsi, kumbe ilikuwa imehifadhiwa kwa utaratibu katika taasisi ya umma, ikimsubiri mtu wa kujaza fomu na kuomba.

Je, Haruka ni mwanamume au mwanamke? Na wale Starlights?

Haruka Tenoh, yaani Sailor Uranus, ni mwanamke anayependa mavazi ya kiume, na yeye na Michiru, yaani Sailor Neptune, ni wapenzi. Toleo la Kiingereza la mwaka 2000 liliwatangaza kuwa binamu, huku macho na mikono yao kwenye skrini vikiendelea kusema mambo mengine. Starlights watatu, wapiganaji wa msimu wa mwisho, ni suala tofauti: katika manga ni wanawake wanaovaa kiume, ilhali katika anime wanaonekana kuwa wanaume wanaogeuka wanawake wanapopigana. Watayarishaji wa Italia walilikwepa jambo hilo kwa kubuni ndugu pacha wa kike, ili wanaobadilika wasiwe watu walewale.

Hapa Kiswahili kina nafasi ambayo lugha hizo hazina. Usagi anapomwona Haruka kwa mara ya kwanza anamdhani mvulana, na mtazamaji anadanganyika pamoja naye. Mfasiri wa Kiingereza hana budi kuchagua kiwakilishi cha kiume au cha kike, na akichagua tu ameshatoa siri. Mfasiri wa Kiswahili anaandika “amefika”, “nimemwona”, “yeye ni nani?”, na siri inabaki salama mpaka pale mwandishi alipotaka ifichuke. Anayetafsiri eneo hilo asiongeze “kaka” au “dada” kwa mazoea, kwani atakuwa amevunja bila sababu kitu ambacho lugha yake ilimpa bure.

Ninataka kutafsiri kwa Kiswahili. Nianzie wapi?

Anza na Kijapani, au na mtu anayekijua. Tafsiri ya tafsiri hurithi makosa ya aliyetangulia na kuongeza yake. Ukilazimika kutumia Kiingereza, linganisha matoleo mawili au zaidi, na utaje ni yapi.

Majina ya watu yaache yalivyo. Mambo ya heshima yanahitaji uamuzi kwa kila uhusiano: wahusika hawa huitana kwa viambishi vinavyoonyesha umri, ukaribu na upole, na Kiswahili kinayo njia yake ya kufanya hivyo kwa kutumia dada, mama, mwalimu, shoga na mwenzangu. Usagi na rafiki yake wa shule, Naru, wakiitana “shoga” wanasikika kama wasichana wa darasa moja. Wakiitana kwa majina kamili wanasikika kama maofisa. Kauli maarufu ya Usagi ya kuadhibu kwa niaba ya mwezi inahitaji neno la mzazi kwa mtoto mtukutu, wala si la hakimu kwa mfungwa, hivyo “kwa niaba ya mwezi, nitakutia adabu!” inakaa vizuri mdomoni kuliko “nitakuadhibu”.

Wako watakaoukumbuka ufundi wa masimulizi katika vibanda vya video vya Nairobi na Dar es Salaam, ambako msimuliaji huifasiri filamu ya kigeni papo kwa papo, akichomeka utani na maoni yake. Ni sanaa yenye heshima yake, na hadhira huipenda kwa sababu nzuri. Ila msimuliaji anajulikana kuwa msimuliaji. Maandishi ya chini yanaaminika kuwa ndiyo maneno ya mhusika, kwa hiyo anayeyaandika ana deni kubwa zaidi kwa asili.

Je, tafsiri za mashabiki ni halali?

Bila idhini ya mwenye haki, hapana. Mkataba wa Berne, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unampa mwandishi haki ya pekee ya kuidhinisha tafsiri za kazi yake, na sheria za nchi, ikiwemo ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001, zinalinda haki hiyo. Kutouza hakubadilishi hali ya kisheria, ingawa hupunguza madhara. Desturi ya zamani ya mashabiki ilikuwa kuacha kusambaza mara tu toleo rasmi la lugha husika linapotangazwa, na naiona kuwa desturi inayostahili kufuatwa. Kazi nyingine zina nafasi pana zaidi: muhtasari, uchambuzi, ulinganishaji wa matoleo, na kunukuu kwa kiasi ili kuthibitisha hoja.

Watu wanapogombana kuhusu maana ya hadithi, nani yuko sahihi?

Mara nyingi wote wawili, kila mmoja katika toleo lake. Anayesema Zoisite na Kunzite, majemadari wa Beryl, ni wapenzi anaisoma anime ya Kijapani ipasavyo. Aliyetazama toleo la DIC alimwona Zoisite akiwa mwanamke. Na msomaji wa manga anawajua kama sehemu ya walinzi wanne waliowahi kumtumikia mwana wa mfalme Endymion, yaani Mamoru katika maisha yake ya kale. Takeuchi ndiye aliyeiandika manga, lakini anime ilipitia mikononi mwa waongozaji watatu wakuu, Junichi Sato, Kunihiko Ikuhara na Takuya Igarashi, na hakuna sababu ya kuwanyima wao umiliki wa walichokiongeza. Fasiri nzuri hutaja toleo, sehemu au sura, na lugha iliyotumika, kisha ndipo ijenge hoja. Isiyotaja hayo haiwezi kukubaliwa wala kukataliwa.

Nina kanda au magazeti ya zamani nyumbani. Nifanye nini?

Usirekodi chochote juu yake, na usiicheze kanda yenye ukungu katika deki ya kawaida, kwani vumbi lake huharibu kanda na deki pamoja. Zihifadhi kanda zikiwa zimesimama wima, mahali pakavu na mbali na jua. Kwa wakazi wa pwani, unyevu ni adui mkubwa kuliko joto. Utakapoweza kuzigeuza kuwa faili, fanya hivyo kwa ubora wa juu kadiri uwezavyo, na usikate matangazo ya biashara wala vitambulisho vya kituo, kwa sababu ndivyo vinavyosaidia kujua kipindi kilirushwa lini na wapi. Magazeti yapigwe picha kurasa zote, pamoja na zile za barua za wasomaji na za mashindano. Kisha andika katika faili la maandishi linalokaa pamoja na nakala hiyo: ilitoka kwa nani, ilirekodiwa katika nchi gani, kwa mfumo upi, na nini kinakosekana. Baada ya kunakili, kanda yenyewe irudishe mahali pake na uitunze.